Ajira ya Kudumu

Chumba chao na chetu viligawana ukuta mmoja, kwa hiyo kisa hiki sikuhadithiwa na mpita njia. Asubuhi ya siku ile niliisikia cherehani ya mama yao ikikimbia kama kawaida, kana kwamba dunia ilikuwa na mpango wa kuendelea.

Zilikuwa zimebaki siku tisa jiwe la angani liigonge dunia. Kila mtu alijua ni tisa, hata watoto wa chekechea walikuwa wamejifunza kuhesabu kinyumenyume. Lile jiwe watu walilibatiza Mgeni, maana lilikuwa linakuja bila kualikwa, na wenye utani wakasema huyu ndiye mgeni wa kwanza ambaye siku ya tatu hatapewa jembe. Maofisi yalikuwa yamefungwa. Mabosi walikimbilia wanakokujua wao. Walimu waliacha tarehe ubaoni na hawakurudi kuifuta. Waliokuwa na kazi wote waliziacha.

Binti mkubwa wa yule fundi cherehani hakuwa na hata cha kuacha.

Mtaani tulimwita Digrii. Jina lilianza kama sifa, siku aliporudi na joho, likaishia kama kijembe, siku ya kwanza alipoonekana anachota maji saa nne asubuhi wakati wenzake wako makazini. Miaka mitatu aliandika barua za maombi. Mia mbili na kumi na nne. Barua zilizojibiwa zilikuwa mbili, na moja ilikosea jina lake. Kila tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano, hata ile kazi ya kupokea simu, kana kwamba kusema "halo" kunahitaji utafiti. "Sasa hivi," alikuwa akisema huku akipiga mswaki uani, "uzoefu wa miaka mitano nitaupatia wapi, na dunia yenyewe ina siku tisa? Wangeniambia mapema nikazaliwa na huo uzoefu."

Mama yake hakuwa akicheka. Alikuwa anashona. Siku tisa kabla ya mwisho, mwanamke yule alikuwa anapinda sketi ya shule ya mtoto ambaye shule yake ilikuwa imeshafungwa. Mtaa mzima uliujua mshono wake: kila alipofika mwisho wa pindo alirudi nyuma mara tatu, kisha akafunga kifundo kidogo chenye umbo la msalaba. Ukikuta nguo popote ina kile kifundo, ujue imepita mikononi mwake.

"Mimi sitaki makuu," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Nataka nife nimeona mwanangu ana ajira ya kudumu."

"Ya kudumu mpaka lini, mama? Mpaka Jumamosi ijayo?"

"We nenda zako na mdomo wako."

Ndani ya chumba kile alikuwamo na wa tatu, mdogo wake Digrii, miaka kumi na minane, jina la utani Chiriku. Hilo nalo halikuhitaji maelezo. Alikuwa anaongea akila, anaongea akisali, na usiku, kupitia ukutani, nilimsikia akiongea ndotoni. Alimpenda dada yake kupita kiasi. Tangu utotoni alijifunza kuiga sahihi yake, ile yenye mkia mrefu uliopinda kama wa mjusi, mpaka mwenyewe dada mtu akawa hawezi kutofautisha.

Alhamisi hiyo jioni, wakati wa kuosha vyombo, simu ya Digrii ililia mara moja.

"Dada! Una meseji! Namba haina jina."

"Soma. Mikono yangu ina povu."

Chiriku akasoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasoma polepole. "Umechaguliwa kuhudhuria usaili. Ijumaa, saa 2:00. Jengo la zamani la Takwimu, ghorofa ya pili. Njoo na vyeti halisi. Ukichelewa, nafasi yako atapewa mwingine."

Cherehani ikanyamaza.

"Acha utani wako," Digrii akasema.

"Haki ya Mungu, tazama mwenyewe!"

Alitazama, kisha akacheka kicheko kikavu. "Yaani wamengoja. Wamengoja miaka mitatu, sasa dunia inafungasha virago ndiyo wanakumbuka wana mtu. Are they serious?"

"Ofisi gani?" mama akauliza.

"Hawajasema."

"Ofisi ni ofisi. Utaenda."

Na angekwenda. Unaweza kuidharau kazi kwa maneno, lakini mtu aliyeandika barua mia mbili na kumi na nne moyo wake humruka akiona neno umechaguliwa, hata kama limeandikwa kwenye sanda. Wakapiga pasi ile blauzi ya bluu, blauzi yake pekee ya usaili, yenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Wakaviweka vyeti kwenye bahasha ya kaki. Ugomvi ukaja kwenye saa.

"Tulale mapema," Chiriku akasema. "Saa mbili asubuhi si mbali."

"Saa mbili gani? Hiyo ni two p.m. Saa nane mchana."

"Imeandikwa saa mbili, dada."

"Imeandikwa mbili, nukta mbili, sifuri sifuri. Maofisi yanaandika saa za kizungu, we mtoto. Uliza mtu aliyesoma."

"Nimemuuliza, ndiyo anakosea. Meseji ni ya Kiswahili, saa iwe ya kizungu kwa nini? Wangetaka mchana wangeandika saa nane."

"Nenda kalale."

"Nikilala na wewe ukalala, nafasi atapewa mwingine."

"Chiriku!"

Ndivyo ulivyoisha ubishi ule, ubishi ambao kila nyumba ya kwetu imewahi kuuzungumza na kucheka, kuhusu mgeni aliyekuja saa sita kabla au saa sita baada ya wakati. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ijumaa Digrii aliamka saa tatu. Jua lilikuwa limeshaingia mpaka miguuni. Kitanda cha mdogo wake kilikuwa kimetandikwa. Blauzi ya bluu haikuwepo kwenye msumari, na bahasha ya kaki haikuwepo mezani. Chini ya kikombe palikuwa na karatasi:

*Dada, nimeenda kukuwekea foleni. Nitawaambia mimi ni wewe mpaka ufike. Kama ni mchana kweli, nitarudi tucheke. Usinune.*

Alinuna. Akamwambia mama, mama akasema huyo mtoto ana akili kukuzidi, wakaendelea na asubuhi yao. Saa nne akapiga simu, haikupokelewa. Saa tano haikupokelewa. Saa sita ilipokelewa.

"Uko wapi wewe?"

Kulikuwa na sauti nyingine, nyepesi, kama manyunyu juu ya bati. Alisikiliza muda mrefu mpaka akaitambua. Zilikuwa kalamu. Kalamu nyingi, zote zinaandika.

Kisha mtu akanong'ona jina lake. Jina lake kamili, yote matatu, kwa mpangilio ule ule wa kwenye cheti.

Simu ikakatika.

Hakumwambia mama. Alivaa gauni lililokuwa karibu, akatoka.

Njia ya kwenda mtaa wa maofisi ilikuwa na watu wachache. Kinyozi wa kona alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, anajinyoa. "Digrii! Unakwenda kazini?" akatania, na yeye akaongeza mwendo. Kwenye nguzo za umeme kulikuwa na matangazo ya waliotoweka. Tangu Mgeni atangazwe watu wengi walitoweka, na kila mtu alidhani wamekimbilia mashambani kwao, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiyasoma. Siku ile aliyasoma.

*Ametoweka. Miaka 24. Alionekana mara ya mwisho amevaa suti nyeusi, amebeba bahasha ya kaki.*

Nguzo ya pili. *Miaka 26. Sketi ya kijivu, viatu vya kuazima. Bahasha ya kaki.*

Wa nguzo ya tatu alimfahamu. Alikuwa kiongozi wa darasa lao chuoni, kijana mwenye kigugumizi aliyekuwa akiandika notsi za wote. *Aliiambia familia ameitwa kwenye usaili.* Tarehe ilikuwa ya wiki tano nyuma.

Hapo akaanza kukimbia.

Jengo la Takwimu lilikuwa mwisho wa barabara, ghorofa nne, kibao chake kimepakwa rangi nyeupe juu ya maandishi. Madirisha yalikuwa na vumbi. Lakini ngazi za mlangoni zilikuwa zimepigwa deki, bado zina maji. Ndani, nyuma ya meza, alikaa mlinzi mtu mzima aliyevaa sweta, na mbele yake daftari kubwa lililopigwa mistari. Juu ya kichwa chake palikuwa na saa ya ukutani ya duara. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

"Karibu, mama," mlinzi akasema kwa upole. "Jina?"

Akalitaja.

Mlinzi akalamba kidole, akafunua, akateremsha kidole kwenye mistari. Kidole kikasimama.

"Umeshaingia."

"Nani?"

"Wewe. Umeingia saa mbili asubuhi." Akainua macho. Hayakuwa na ubaya wowote. "Hujatoka."

Alilivuta daftari. Jina lake lilikuwepo. Muda wa kuingia: 2:00. Na sahihi yake, na mkia wake wa mjusi. Safu ya kutoka ilikuwa tupu. Akatazama jina la juu yake. Tupu. Akafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake, majina thelathini thelathini, wino umeanza kufifia.

Safu ya kutoka ilikuwa tupu daftari zima.

"Huyo ni mdogo wangu," akasema. "Ametumia jina langu. Ni mtoto. Mwiteni ateremke."

"Mimi natunza daftari tu."

"Basi nipishe nikamchukue."

"Mtu mmoja haingii mara mbili, mama." Mlinzi akafikiri kidogo. Akafungua droo, akatoa kibandiko chenye pini. "Labda upande hivi. Mwenye hiki haandikwi. Lakini ushuke mapema. Daftari nalifunga saa nane kamili, na likifungwa linapandishwa juu."

Kibandiko kilikuwa na neno moja. MGENI.

Ngazi zilinuka sabuni. Kadiri alivyopanda, zile sauti za manyunyu zilikuwa zinakua. Kule ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi.

Chumba kilikuwa kirefu kuliko jengo. Hilo aliliona kwanza, na akili yake ikakataa kuliangalia tena. Meza zilipangwa mistari miwili, na kila meza ilikuwa na mtu. Vijana. Wamevaa vizuri. Suti za kuazima, tai zilizofungwa na baba zao, visigino vinavyobana. Kila mmoja alikuwa na bahasha ya kaki mapajani. Kila mmoja alikuwa anaandika.

Hakuna aliyekuwa anapepesa macho.

Alimwona kiongozi wa darasa. Mabegani mwake palikuwa na vumbi, vumbi la wiki tano, na lilikuwa na alama za miguu ya panya. Kalamu yake ilikuwa imeisha wino. Aliendelea kuandika. Karatasi ilikuwa imetoboka, na meza chini yake imechimbika.

"We," Digrii akanong'ona. "Ni mimi."

Midomo ya yule kijana ikasogea. Hakugugumia hata kidogo.

"Usikae," akasema. "Ukikaa tu."

Na kalamu haikusimama.

Alitazama karatasi zilizorundikwa pembeni. Zilikuwa ripoti. Ripoti za kawaida kabisa: mahudhurio, vifaa, likizo. Ila tarehe. Ya juu ilikuwa ya mwaka ujao. Ya chini yake, miaka sita mbele. Ya chini yake hakuimalizia.

Blauzi ya bluu ilikuwa meza ya nane.

Chiriku alikaa wima, nywele zimebanwa nyuma kama za mtu mzima. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hicho ndicho kilichomtisha dada yake kuliko vumbi na tarehe: kwamba mdomo ule ulikuwa umefungwa, na umetulia.

"Chiriku. Twende."

Hakugeuka.

"Chiriku, ni dada. Sijanuna. Twende nyumbani."

Kalamu ikaendelea. Akamshika mkono, akauvuta. Ulikuwa mzito, kama umejengewa kwenye meza.

Alijua alichotakiwa kufanya, na hakutaka. Akainama sikioni mwa mdogo wake na kuita jina lake mwenyewe. Yote matatu.

Chiriku akageuka mara moja. "Abee?" Sauti ilikuwa ya kiofisi. Macho yalimtazama kama yanavyotazama ukuta. "Samahani, nipo kwenye zamu."

"Unamsumbua," mtu akasema nyuma yake.

Alikuwa mwanamke nadhifu, kadi ikiwa shingoni, jalada mkononi, harufu ya manukato na karatasi mpya. Afisa utumishi. Digrii alishawahi kukaa mbele ya wanawake kama yule mara nyingi. Tabasamu lilikuwa lile lile la "tutakupigia".

"Mmechukua mtu asiye wenu," akasema. Alijaribu kupandisha sauti, ikatoka mnong'ono. "Aliyeitwa ni mimi."

"Tunaye. Jina lipo, vyeti vipo, sahihi ipo."

"Dunia inaisha Jumamosi ijayo!"

"Dunia, ndiyo." Afisa akafunua jalada. "Kazi haiishi. Lazima wawepo wa kuiendeleza. Waliokuwa nazo waliziacha, si uliona? Kwa hiyo tukatafuta wasioweza kuacha. Wenye njaa nayo." Akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Barua zako tulizisoma zote, unajua. Mia mbili na kumi na nne. Nzuri mno. Tatizo lilikuwa uzoefu tu."

"Na yeye ana uzoefu gani? Amemaliza shule mwaka jana!"

"Ataupata. Muda upo."

Nyuma yao kalamu zilinyesha. Kiti cha meza ya tisa kilikuwa wazi. Afisa akakisogeza kidogo kwa mguu, kama mtu anayemkaribisha mwenzake. Miguu ya Digrii ilikuwa imechoka kwa mbio. Kilikuwa kiti kizuri, chenye mto. Miaka mitatu alikuwa akiota kiti kama kile.

*Ukikaa tu.*

"Anatokaje?" akauliza.

"Kama wafanyakazi wote. Zamu ikiisha."

"Zamu ni saa ngapi?"

"Zamu ni kuanzia alipoingia mpaka anapotoka." Afisa akafunga jalada. "Imeandikwa mlangoni. Sisi huku tunafuata daftari."

Akateremka mbio, akipiga kuta kwa mabega. Mlangoni mlinzi alikuwa ameshafunika kalamu yake, na kitambaa cha kufungia daftari alikuwa amekishika mkononi. Saa ya ukutani: saa nane kasoro dakika moja.

"Ngoja! Natoka."

"Nani anatoka?"

"Mimi." Akaweka kidole kwenye jina lake. "Huyu. Kaingia, sasa anatoka. Mwenye jina ni mimi, mwenye sahihi ni mimi. Kuna kosa?"

Mlinzi akatazama uso wake. Akatazama daftari. "Hapana kosa. Andika muda."

Alishika kalamu. Akitaka kuandika nane akaona, kama mtu anayesoma hesabu ubaoni, kwamba kutoka mbili mpaka nane ni saa sita. Saa sita za zamu. Na mtu aliyefanya zamu kule juu, hata ya saa sita, ni mfanyakazi wao.

Akasubiri. Sekunde zikapita moja moja kama watu wanaovuka mto. Mshale mrefu ukagusa kumi na mbili.

Akaandika: 2:00.

"Umekosea," mlinzi akasema. "Sasa ni saa nane."

"Mshale mfupi uko kwenye namba gani?"

"Mama, saa ile inasomwa..."

"Sijakuuliza inasomwaje. Sisi wote hapa tunaona namba moja halafu tunataja nyingine, tangu tumezaliwa. Nimekuuliza namba gani."

Mlinzi aligeuka. Akaitazama saa.

"Mbili," akasema.

"Basi nimeandika ninachokiona. Ameingia mbili, ametoka mbili. Hajakaa humo hata dakika."

Akaweka sahihi. Mkia wa mjusi ukachoreka hadi nje ya mstari.

Juu, kalamu zote zikanyamaza.

Kisha zikasikika hatua za mtu mmoja ngazini, nyepesi, zinazoruka vidato viwili viwili. Kalamu zikaanza tena.

"Dada!" Chiriku akatokea, bahasha kwapani, mdomo ukiwa umeshatangulia mwili. "Umewahi! Nilijua tu utaona aibu uje. Mimi ndiyo kwanza nimefika, hata kukaa sijakaa, nimepanda ngazi nikasikia unaniita. Mbona unalia? Na mbona umevaa gauni la kudekia?"

Digrii alimkumbatia hadi bahasha ikakunjamana.

Mlinzi alikuwa anafunga daftari kwa kitambaa, taratibu, fundo juu ya fundo. "Umepatia," alisema bila kumtazama. "Wengi hawapatii. Ila nikwambie kitu, mama. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba umeingia. Na zamu hujafanya."

"Kwa hiyo?"

"Zamu ambayo haijafanywa haifutwi." Akalibeba daftari kifuani kama mtoto mchanga. "Inasogezwa mbele."

Akapanda nalo juu.

Njia nzima Chiriku aliongea. Aliongea kuhusu sabuni ya zile ngazi, kuhusu njaa yake, kuhusu jua. "Mbona jua limeharakisha leo?" Dada yake alimjibu ndiyo, ndiyo. Alikuwa anatazama chini. Kivuli chake yeye kilikuwa kimelala upande wa mawio, kama vivuli vyote vya mchana. Cha Chiriku kilikuwa kimelala upande wa machweo. Kirefu. Kivuli cha saa mbili asubuhi.

Kinyozi wa kona alikiona. Aliwafuata kwa macho mpaka walipopinda, na wembe bado ulikuwa shavuni.

Nyumbani mama aliwagombeza wote wawili, ndivyo anavyoshukuru. Niliwasikia kupitia ukutani wakicheka ubishi wa saa, kila mmoja anadai yeye ndiye alikuwa sahihi. Jioni, kabla ya taa kuwashwa, mama akachukua ile blauzi ya bluu kwenda kuiloweka. Kama kawaida ya mafundi akapekua mifuko kwanza.

"Nani kaweka hii?"

Ilikuwa kadi ya kazi, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Chiriku aliapa kwamba hajawahi kuiona. Nilisikia anavyoapa, na nikasikia anavyonyamaza katikati ya kiapo. Mimi mwenyewe kadi ile nilikuja kuishika kesho yake. Pembe zake zilikuwa zimelika, plastiki imekuwa ya njano, kama kitu kilichovaliwa kila siku kwa miaka mingi.

Jina lilikuwa la Digrii. Picha ilikuwa ya mwanamke mwenye mvi kichwa kizima. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, pale Digrii alipojigonga kwenye meza ya cherehani akiwa na miaka minne. Macho yake hayakuwa na huzuni. Yalikuwa na uchovu tu, ule uchovu wa mtu anayejua kesho ataamka aende wapi.

Mama alivaa miwani. Alisoma kwa kunong'ona, mstari mmoja mmoja, kidole kikifuata. Tarehe ya kuanza kazi: Jumatatu, siku mbili baada ya Mgeni. Uzoefu: miaka thelathini na mitano. Akasita kwenye mstari wa mwisho.

"Aina ya ajira," akasoma. "Ya kudumu."

Mama akaigeuza kadi, akaivuta ile kamba. Mahali fulani ilikuwa imewahi kukatika, ikaungwa kwa uzi. Akaisogeza karibu na macho. Akaigusa kwa ukucha. Mshono ulikuwa umerudi nyuma mara tatu, kisha ukafungwa kifundo kidogo chenye umbo la msalaba.

"Huu ni mkono wangu," mama akanong'ona.

Akakaa chini.

"Lakini mimi sijaushona bado."